Jibu: Picha za mzee zimeota ukungu, nianzie wapi?

Waalaykumsalaam ndugu yangu. Nimekuelewa: mzee kakusanya picha za kuchora umri mzima, masika yamepita, nyingine zimeota ukungu mweupe, nawe unataka kuzifuta kwa maji ya sabuni. Usizifute!

Kwanza tazama ukuta. Marehemu baba naye alikuwa na maradhi hayo hayo ya kukusanya picha. Mgeni hapewi kahawa mpaka azungushwe sebule nzima. Tulidhani paa linavuja, kumbe kuta zetu za mawe na chokaa, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe, zinakunywa maji, na picha zimezilalia. Tukazitoa, tukazianika kivulini penye upepo siku tatu. Ukungu ulipokauka nikaupangusa nje kwa brashi laini, pua nimeifunga kitambaa. Kabla ya kuzirudisha tukagongomea vibao nyuma ya fremu, hewa ipite.

Hizo za mtindo wa Tingatinga angalia pembe, hadibodi (ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa) zinapochorwa huvimba. Na ile anayosema kainunua kwa Tingatinga mwenyewe miaka ya 90, Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeuanzisha mtindo huo, alifariki 1972. Mzee usimbishie lakini.

Penye rangi iliyobanduka mimi sikugusa, sijui dawa yake.