Diski za kujiangamiza: kabla hamjaagiza, someni hapa

Mdau uliyeuliza kuhusu diski za kujiangamiza, nimepitia majibu uliyopewa na mengi ni ya "agizeni tu" au "hizo ni za majasusi". Swali lako lina uzito zaidi ya hapo, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu. Kwa wanaoingia sasa: kliniki yao iko hapa Mwanza mjini, ina vituo Nansio na Sengerema. Kila mwezi mtumishi anasafiri na flashi yenye rejista za wagonjwa, wakiwemo wanaoishi na VVU. Mkurugenzi wao ameona video ya diski yenye kitufe chekundu, ukibonyeza inafuka moshi, na anataka kuagiza za vituo vyote. Pia wana kompyuta chakavu stoo wanazotaka kuipa shule.

Mimi natengeneza kompyuta na kutunza mifumo ya ofisi ndogo ndogo hapa mjini: SACCOS, mawakili, maduka ya dawa, zahanati. Jibu langu ni hili: ya moshi hapana. Flashi inayofunguliwa kwa vitufe vya namba ndiyo, kwa wanaosafiri tu. Na hata hiyo isiingie ofisini kwenu kabla hamjawa na nakala ya pili ya kila kitu.

Nianze na kinachokufa. Ukisikia "kujiangamiza" unawaza mlipuko, lakini kwenye nyingi ya flashi hizi hakuna kinachoungua. Kila unachoandika humo kinasimbwa, yaani kinageuzwa kisisomeke bila ufunguo, kwa njia ya usimbaji iitwayo AES ya biti 256, na chipu iliyo ndani ya flashi yenyewe, na ufunguo wa kuzisimbua data unakaa humo humo. Ukikosea namba ya siri mara 10, chipu inafuta ufunguo. Data zinabaki palepale zilipo, ila bila ufunguo hazisomeki, na fundi wa kuzirudisha hayupo, awe wa Mwanza au wa Tokyo. Ni tendo la kufumba na kufumbua. Kufuta diski ya kawaida ya gigabaiti 500 kwa kuandika juu yake kunaweza kuchukua zaidi ya saa nzima.

Tena teknolojia hii wengi wenu mnayo mfukoni. Simu inayosimba hifadhi yake, ukiirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, inatupa funguo. iPhone ina mpangilio wa kufuta kila kitu baada ya kukosea namba ya siri mara 10. Kwa hiyo msiione kama kitu cha kutisha.

Zile za moshi ni ukoo mwingine. RunCore ya China ilitoa SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani za kuzunguka) ya namna hiyo mwaka 2012, ina vitufe viwili: kijani kinafuta data, chekundu kinapitisha umeme mkali kwenye chipu za kumbukumbu mpaka ziungue. TeamGroup ya Taiwan mwaka 2025 ilionyesha P250Q, nayo ina kitufe na saketi ya kuunguza chipu kwa volti kubwa. Ni kazi nzuri ya kihandisi, sibishi. Lakini angalieni kitufe kinahitaji nini: mtu wenu awepo, ajue kuwa hatari inakuja, na diski iwe na umeme. Hiyo ni hali ya kambi ya jeshi au chumba cha mitambo. Hali yenu ninyi ni muuguzi ameshuka kwenye bajaji Kirumba na mkoba umebaki kwenye siti. Nani atabonyeza? Aliyeuokota hatabonyeza, anataka kuuza.

Kuna na ya tatu inayosisimua watu, Autothysis ya kampuni moja ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 2014. Hiyo ina mtandao wa simu ndani, unaituma meseji inavunja chipu zake. Inaweza pia kupangwa ijiangamize ikikosa mtandao. Sasa fikiria safari ya Nansio. Sengerema siku hizi mnavuka kwa gari pale Kigongo–Busisi tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, lakini Ukerewe bado ni maji, na kila aliyepanda meli ile anajua mtandao unavyopotea katikati ya ziwa. Meseji ya kuangamiza haitafika, au mpangilio wa kukosa mtandao utaangamiza rejista za mwezi mzima ilhali flashi iko salama mikononi mwa mtu wenu. Kwa mazingira yetu chombo hicho ni hatari kwa mwenyewe.

Ndiyo maana nasema ya vitufe vya namba. Mfano ni Kingston IronKey Keypad 200: ina vitufe vya namba juu yake na betri yake ndani, kwa hiyo unaingiza namba ya siri kabla hujaichomeka, na kompyuta yoyote inaisoma bila kuweka programu. Hapa ndipo kujiangamiza kunafanya kazi yenyewe bila kitufe wala meseji: anayekisiakisia ndiye anayefuta. Na kuna faida ambayo wauzaji hawaielezi vizuri. Flashi ya kawaida uliyoisimba kwa programu kama VeraCrypt au BitLocker haina kikomo cha kujaribu. Mwizi mwenye ujuzi anainakili yote, kisha kompyuta yake inajaribu nywila usiku na mchana. Usalama wako wote uko kwenye urefu wa nywila. Yenye kikomo cha mara 10 inakuruhusu kutumia namba 8 ambazo muuguzi wa Nansio anaweza kuzikumbuka bila kuziandika nyuma ya kitambulisho.

Sasa upande wa maumivu, kwa sababu kikomo hakimjui mwenye mali. Mnamjua Stefan Thomas? Ni mtaalamu wa programu aliyezaliwa Ujerumani, anayeishi San Francisco. Funguo za bitcoin 7,002 ziko ndani ya flashi yake ya IronKey, karatasi aliyoandika nywila ilipotea, na New York Times walipoandika habari zake Januari 2021 alikuwa ameshajaribu mara 8 kati ya 10. Hiyo ni mali ya mamilioni ya dola na alikuwa amebakiwa na nafasi mbili. Ninyi mtakuwa na rejista ya dawa za wagonjwa. Mgonjwa akifika kituoni na tarehe yake ya kuchukua dawa haionekani, hiyo ni afya ya mtu imeguswa, na kwangu ina uzito sawa na taarifa kuvuja. Kwa hiyo flashi ya kujiangamiza isibebe kamwe nakala pekee. Ibebe nakala ya kitu ambacho bado kipo kituoni kilikotoka, na kituoni kisifutwe mpaka Mwanza mjini wathibitishe wamepokea na faili zinafunguka.

Keypad 200 inaruhusu namba mbili, ya msimamizi na ya mtumiaji. Weka zote. Mtumiaji akikosea mara 10 inafungwa namba yake tu, msimamizi anamfungulia na data zipo. Msimamizi akikosea mara 10 ndipo kila kitu kinapotea. Bila hiyo ya msimamizi mnaishi kwenye ncha ya kisu. Kuna zahanati ninayoihudumia, mpokezi pale ana vidole vinene na vitufe ni vidogo, taa nyekundu inawaka, anarudia haraka haraka, inawaka tena. Nilimfundisha kitu kimoja: ikiwaka nyekundu mara tatu, weka chini, nenda kanywe chai, halafu piga simu. Hajaifunga mpaka leo. Na ya msimamizi ikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, si kichwani mwa mtu mmoja anayeweza kuhama kazi.

Kuna jambo linalosahaulika. Flashi inalinda ikiwa imefungwa tu. Ukishaingiza namba na kuichomeka, virusi wa kompyuta ile wanasoma kila kitu kama wewe. Na watumishi wana tabia ya kuburuta faili kwenye uso wa kompyuta "nifanyie kazi hapa kwanza", halafu flashi inarudi kwenye sefu huku rejista imebaki kwenye laptopu isiyo na ulinzi wowote. Ndiyo maana laptopu za vituo zisimbwe kwanza, kabla ya kununua flashi hata moja. Windows Pro ina BitLocker. Ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 chapisheni na uwekwe kwenye sefu ileile. Hizo laptopu zikiibwa zimezimwa, mwizi amepata chuma tu.

Msiamini pia maandishi ya kwenye boksi. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani, SySS, walionyesha kuwa flashi kadhaa za Kingston, SanDisk na Verbatim zilizosifiwa kwa AES zilikuwa zinafunguka bila nywila, kwa sababu kompyuta ilituma kwa flashi ishara ileile ya "fungua", nywila iwe yoyote. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakakuta kasoro kwenye usimbaji wa ndani wa SSD za Crucial na Samsung. BitLocker wakati ule ilikuwa inaiachia diski kazi ikidai inajisimba yenyewe, na mwaka uliofuata Microsoft wakabadilisha mpangilio huo. Kwa hiyo hata kwenye flashi ya vitufe, rejista za VVU mimi huziweka ndani ya faili lililosimbwa kwa VeraCrypt. Ni bure.

Nimalizie na stoo yenu, ambako ndiko kunakonitia hofu kuliko ziwa. Nilinunua diski ya mtumba kwa ajili ya mteja, muuzaji akasema imefomatiwa. Kabla ya kuifunga niliipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa. Zikaanza kutoka hati za mishahara, picha za vitambulisho vya NIDA, barua za mikopo zenye majina na namba za simu za watu wa hapa hapa. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, mafaili yanabaki. Niliifuta kwa kuandika sifuri mwanzo mpaka mwisho. Ninyi mna taarifa nyeti za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu moja kwa moja.

Diski za kuzunguka ziandikeni sifuri zote. SSD zipeni amri yake ya kujifuta kutoka kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka) au programu ya mtengenezaji, maana kuandika juu yake hakufikii seli zake za akiba. Iliyokufa isiyosoma, ivunjeni. Sumaku haisaidii kitu kwenye flashi wala SSD. Zile diski ndogo za laptopu mara nyingi sahani zake ni za kioo: piga nyundo katikati, tikisa, ukisikia vipande vinacheza kama kokoto kwenye kopo imekwisha. Kwenye SSD na flashi lazima upasue chipu zenyewe, vile vibao vyeusi vya mraba, siyo kuvunja ganda tu. Andikeni kwenye daftari diski ipi imeharibiwa, lini na nani alishuhudia, na kama kuna shauri au uchunguzi wowote unaohusu kumbukumbu hizo msiguse: kuharibu data ili kuzuia uchunguzi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Shuleni zipelekeni bila diski kabisa, mwalimu wa kompyuta atafurahi zaidi mkiwanunulia SSD mpya ndogo kwa pesa mliyotaka kuagizia ile ya moshi.