Maji ya Ganga hayaozi, mbona mto wenyewe mchafu?

SWALI: Asalaam alaykum mhariri. Mie nakaa Mji Mkongwe, jirani yetu mama wa Kibaniani ana kijungu cha shaba kimezibwa mdomo, ndani maji ya mto Ganga kutoka India, anasema yana miaka na hayajanuka. Mwanangu kanionesha kwenye simu mto huohuo umejaa povu na taka. Nani mkweli? Na kisima changu maji meupe pee, matamu, tunakunywa hivihivi, kuna tabu?
Mama wa Hurumzi

JIBU: Waalaykum salaam bi mkubwa. Wote wawili wakweli, kila mmoja kashika upande wake. Hilo la kutooza lilimshughulisha Mzungu mmoja mtaalamu wa vijidudu, Ernest Hankin, akaandika mwaka 1896 kwamba vijidudu vya kipindupindu ukivitia kwenye maji ya Ganga vinakufa ndani ya masaa machache, lakini maji yaleyale akiyachemsha nguvu ile inapotea, yaani mlikuwa na kitu humo kinachouliwa na moto. Baadae ikaja kujulikana kuna virusi kazi yao kuvamia bakteria tu, binadamu haviwagusi, wanaviita bakteriofaji, na wengi wanaona ndivyo alivyovikuta Hankin bila kuvijua. Vipo kwenye mito mengine pia, tena vinajaa penye uchafu maana ndo penye chakula chao.

Ila kila kirusi kina bakteria wake, wengine hana habari nao. Na kromiamu, madini ya sumu yanayomwagwa na viwanda vya ngozi kule mji wa Kanpur, hakuna wa kuila. Mto una kilomita kama 2,500, unatoka kwenye barafu za Himalaya safi kabisa, ukishuka miji inaumwagia vyoo. Serikali ilianza kuusafisha 1986, 2014 ukaja mradi mwengine mkubwa Namami Gange, mitambo imejengwa, kazi bado. Februari 2025 kwenye Kumbh Mela, ibada kubwa ya Kihindu ya kukoga mtoni, pale mji wa Prayagraj, watu mamilioni wanakoga, bodi yao ya kudhibiti uchafuzi ikaiambia mahkama ya mazingira kwamba vijidudu vya kinyesi vimepita kiwango cha kukogea, na kiwango chenyewe ni 2,500 kwa mililita 100, nacho si kidogo! Serikali ya jimbo ikakataa, ikasema maji yanafaa.

Imani ya jirani yako haiguswi na hayo. Sie maji ya bahari tunatawadhia, nani anayanywa?

Kisima chako ndo kinanitia wasiwasi. Chini ya Mji Mkongwe ni jiwe la matumbawe, lina vitundu na nyufa, maji ya shimo la choo yanapita mbio hayachujiki vya kutosha, na huko kwenu nyumba zimebanana, choo cha huyu ukutani kwa kisima cha yule. Weupe na utamu haukwambii kitu, kipindupindu cha 2015 na 2016 bila shaka unakikumbuka. Chemsha mpaka yatokote kwelikweli sio kufuka moshi tu, yaache yapoe humohumo yamefunikwa, na watoto wasichovye vikombe, weka kata yenye mkono mrefu. Ukipata pa kuyapimisha yapimishe, hasa baada ya masika.

Kuhusu kijungu, watu wake kwa kawaida hawajazi gilasi wakanywa, wananyunyiza kwenye ibada au wanamtilia matone mdomoni anaekata roho. Muulize mwenyewe, ujirani wenu unaruhusu.