Kama hawajulikani, umewajuaje?

Mpwa wangu, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti wote, dakika sita. Eti kijiweni mmeshapanga: mtu anachukua kadi ya chama cha upinzani, anatua Ubelgiji, anasema "nawindwa", wiki mbili ana makaratasi na nyumba ya bure. Aliyewaambia hayo anionyeshe hiyo nyumba, nami nihamie.

Mimi nilisubiri miaka mitatu. Baridi na kuosha vyombo tuyaache, umeshasimuliwa. Nikueleze mahojiano ya kuomba hifadhi. Mbele yangu mama mmoja na kompyuta yake, pembeni mkalimani, Mkongo wa Bukavu, mstaarabu, ila Kiswahili chake na changu ni majirani wa kusalimiana tu. Nikasema nilifuatwa na watu wasiojulikana.

Wewe na mimi tunaelewana hapo. Tangu Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani, amiminiwe risasi mchana kweupe Dodoma, Septemba 2017, na Azory Gwanda, mwandishi wa habari, achukuliwe Kibiti Novemba ya mwaka huohuo asionekane mpaka leo, nani Tanzania anahitaji kufafanuliwa "wasiojulikana"? Mkalimani akalitafsiri kama lilivyo. Mama akaacha kuandika. "Kama hawajulikani, umejuaje kuwa ni watu wa serikali?"

Nikabaki mdomo wazi. Swali la haki kabisa, ndilo linaloniuma. Nyumbani tukifika hapo tunashusha sauti, basi, mwenzako ameshaelewa. Kule kushusha sauti hakuna mkalimani wake. Akataka tarehe, saa, namba ya gari. Gari halikuwa na namba! Kwenye majibu nikasoma kwamba maelezo yangu hayana undani wa kutosha. Nikakataliwa. Nikakata rufaa, nikaanza upya kuwasimulia wageni usiku ambao hata mama yangu sijamsimulia.

Sasa wewe uje na usiku wa kutunga? Watakuuliza leo, watakuuliza tena baada ya mwaka. Ukibabaika, atakayekuja nyuma yako na makovu ya kweli ndiye atakayetazamwa kama mwongo. Usije. Soma, oa, fungua duka la mama yako.

Lakini usinielewe vibaya. Intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, nilikuwa naishika simu hata chooni, sijui kama mko hai. Gari lisilo na namba likisimama hapo kwenu mara ya pili, usiniombe ushauri. Ondoka usiku huohuo, nauli nitakopa. Na andika: tarehe, saa, rangi ya gari, nani mwingine aliliona. Ukivuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya usijione umefika. Besigye, mpinzani wa Uganda, alitekwa Nairobi hiyohiyo Novemba 2024, akaibukia mahakama ya kijeshi Kampala. Maria Sarungi, mwanaharakati wetu, naye alinyakuliwa hapo Januari 2025, watu wakapiga kelele, akaachiwa baada ya saa chache. Wewe nani atakupigia kelele? Mimi, labda.

Ile picha niliyosimama na gari jekundu: gari si langu. Kilicho changu ni hati ya kusafiria inayonipeleka nchi zote isipokuwa Tanzania. Babu yako nilimzika kwa simu.

Pesa ya dawa ya bibi nimeituma kwa jina la yule jirani, kama kawaida. Ukienda kuichukua usinitaje.