Nina shaka na Mungu: je, niache kwaya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mama yangu alikuwa na kisukari. Nabii mmoja akamwambia aache insulini, atumie mafuta ya upako. Akafariki. Tukaambiwa sisi watoto ndio tuliokosa imani. Tangu hapo siwezi kuomba, na sina hakika kama Mungu yupo. Kiongozi wa kwaya amenisimamisha hadi shaka iishe, kwa andiko la Yakobo 1:6, linalotaka mtu aombe kwa imani pasipo shaka. Bado mimi ni Mkristo?

JIBU: Amina. Pole sana, binti yangu. Ndiyo, ni Mkristo. Msiba haufuti ubatizo.

Aliyewabebesha kifo cha mama yenu amesema uongo. Paulo, ambaye leso zake ziliponya wagonjwa (Matendo 19:12), alimwacha Trofimo Mileto akiwa hawezi (2 Timotheo 4:20). Timotheo, aliyesumbuliwa na tumbo, aliambiwa anywe mvinyo kidogo. Mbona hakupelekewa leso? Au Paulo naye alikosa imani? Kumnyima mgonjwa dawa ni kucheza na roho ya mtu, na mwenye kufanya hivyo anastahili kuhojiwa na polisi. Februari 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Makanisa tulilia siku chache, kisha tukanyamaza.

Sasa huyo Yakobo. Kiongozi wako angeanza mstari wa 5: Mungu huwapa wote kwa ukarimu, "wala hakemei". Anayeonywa pale ni mtu wa nia mbili, si mfiwa anayeuliza kwa machozi. Kule Galilaya wanafunzi walimsujudia Yesu mfufuka, "lakini baadhi yao waliona shaka" (Mathayo 28:17). Hao hao, bila kuchujwa, wakatumwa kwa mataifa yote. Wafaa kwa utume, wasifae kwa sauti ya pili? Yuda 22 anaagiza wenye shaka wahurumiwe.

Ahadi ya yule nabii ikatae kabisa. Haikutoka kwa Kristo. Mengine usiyaamue sasa, ukiwa na hasira na usingizi huna. Maombi yakigoma, soma Zaburi 88: inaishia gizani, haina hata shukrani, na ni sala. Ibadani nenda, keti hata nyuma. Imani ya Mitume, ule ukiri wa imani tunaousema pamoja ibadani, ikikukwama kooni, nyamaza, wenzako watakiri kwa niaba yako.

Na ninyi watoto mkapimwe sukari, maana ugonjwa huu hutembea katika familia. Habari ya kwaya niachie. Nitumie namba ya mchungaji wako, nitaongea naye mwenyewe.