Uwanja upo, wa kuupangia ratiba ndiye hayupo

Mhariri, juma hili mmeuliza kama chama cha watu wanaojitolea kinaweza kuueneza mchezo wa tenisi mtaani, au kama bila makocha wa kulipwa na fedha za shirikisho ni kujisumbua bure. Kinaweza. Sharti langu ni moja, na vyama vingi hulikwepa: anayeshika raketi kwa mara ya kwanza apewe uzito kuliko mchezaji bora wa chama.

Hulikwepa kwa sababu mchezo wenyewe unawavuta upande wa wazoefu. Tenisi ya mmoja kwa mmoja hukalia uwanja mzima kwa ajili ya watu wawili. Wazoefu wanaunda chama, wanajipangia saa nzuri za jioni, wanaandaa mashindano ya kugombea kombe. Mgeni anatolewa raundi ya kwanza na hamwoni tena. Mwishowe chama kinabaki na watu walewale wanaojuana mapigo yote, wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawapendi tenisi.

Sasa tuchukue uwanja mmoja tu. Una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 ukihesabu njia za pembeni. Ukiugawa kwa nyavu ndogo, au hata utepe uliofungwa kwenye viti, unapata viwanja vinne vya watoto. Wakicheza wawili dhidi ya wawili, watoto 16 wako mchezoni kwa pamoja. Wapewe mipira myekundu, ile ambayo kasi yake ni ndogo kwa takriban asilimia 75 kuliko ya mpira wa kawaida. Huo wa kawaida, wa njano, hutengenezwa hivi kwamba ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, unadunda hadi sentimita 135 au zaidi. Mtoto wa miaka sita ataupigaje huo, ilhali unampita kichwani? Ndiyo maana tangu mwaka 2012 kanuni za kimataifa haziuruhusu katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini ya hapo. Bado wapo wazee wa mchezo wanaoidharau mipira ya rangi. Wakae pembeni kidogo wahesabu mara ngapi mpira unavuka wavu kwa kila aina, kisha tuzungumze. Na mahali ambapo mipira hiyo haipatikani, mikongwe iliyopoteza upepo hudunda chini na humfaa mwanafunzi kuliko mipya. Wazoefu waombwe wasiitupe.

Watu wazima wanaoanza nao wasisahauliwe. Hao wapangieni mechi fupi za wawili wawili, ukifika muda wote wanahama na kubadilisha wenza. Anayeshindwa hapo anahamia mechi nyingine, harudi nyumbani.

Bingwa naye atatoka wapi? Tazameni Marekani, ambako wachezaji weusi walifungiwa nje ya mashindano makubwa. Mwaka 1916 waliunda chama chao, American Tennis Association. Miongo kadhaa baadaye, Robert Walter Johnson, tabibu wa Lynchburg aliyejipatia riziki kwa udaktari, aliwakaribisha vijana wa chama hicho nyumbani kwake kila kiangazi wafanye mazoezi kwenye uwanja wake. Althea Gibson, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1957, alipitia mikononi mwake. Arthur Ashe, aliyeshinda hapo mwaka 1975, vilevile. Kabla ya hapo Ashe alijifunzia kwenye viwanja vya bustani ya umma ambayo baba yake aliisimamia. Wengi waliopita kwa daktari huyo hawakuwa mabingwa, na sioni kama kazi yake ilipungua thamani kwa hilo.

Nije kwenye kinachoua vyama. Mtu mmoja anahama au anaugua, na kumbe ufunguo, orodha ya watoto, namba za wazazi na maelewano na mwenye uwanja vyote alikuwa navyo yeye. Gaweni kazi vipande vidogo, kila kipande na ukomo wake: huyu afungue Jumamosi za mwezi huu, yule apange mechi, mwingine atunze raketi. Mzazi anayesubiri kwenye benchi hatakubali ukatibu, lakini mwombe ahesabu pointi za uwanja mmoja uone kama atakataa. Fedha zitolewe kwa sahihi mbili, watoto wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake, na saa za kutumia uwanja ziandikwe, kwa kuwa msimamizi mpya hatambui ahadi za mdomo za yule aliyeondoka. Haya hayana mjadala.

Kocha wa kulipwa simkatai. Nasema tu asiajiriwe kuwafundisha watoto wanne wa wenye uwezo. Mwiteni mara moja kwa mwezi awafundishe wanaojitolea: namna ya kumrushia mtoto mpira kwa mkono, kufupisha foleni, kumrekebisha kwa jambo moja badala ya matano. Mkimlipa kwa saa hiyo, Jumamosi zote zinazofuata watu wenu wanaendelea na alichowafundisha, na hela nyingine haijatoka.