Pirakanta yenye majani matupu

SWALI: Huu ni mwaka wa tatu tangu nipande pirakanta kwenye uzio wa parsele yangu. Majani yamejaa, miiba nayo usiseme, lakini matunda mekundu sijayaona. Kijana wetu wa bustani anaikata kila mwezi ili inyooke. Jirani anasema ni dume, niing'oe. Pia kuna mapengo ningependa kuyajaza. Nifanye nini?
Mama wa Muhumba, Bukavu

JIBU: Usiing'oe, mama. Pirakanta haina mti dume wala mti jike. Kila kiua chake cheupe kina pande zote mbili. Kinachowanyima matunda ni mkasi. Maua hutoka kwenye vijiti vifupi vilivyo juu ya matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo anayekata ncha zote kila mwezi anakata maua ambayo hayajazaliwa.

Inama utazame tawi moja. Chipukizi la sasa ni la kijani, laini, unalipinda kwa kidole. La mwaka jana limeshakuwa la kahawia na gumu: hilo msiliguse. Subirini maua yapukutike, vitunda vishike, vikiwa sawa na punje za mtama. Hapo ndipo mfupishe machipukizi mapya tu, mkibakiza majani mawili au matatu, ili jua lifike kwenye mashada. Kijana wenu avae glavu za ngozi. Mwiba ukivunjikia kidoleni huvimba vibaya.

Ulaya matunda haya huiva kuanzia Septemba, majira ya vuli. Kwetu fuateni mti wenyewe, si kalenda.

Samadi ya kuku msiirundike shinani, italeta majani tu. Mvua zikizidi na matunda yakapata magamba meusi, huo ni ukungu: punguzeni matawi ya ndani hewa ipite, mchome majani yaliyoanguka.

Kwa mapengo, msipande mbegu. Huchelewa mno kuzaa, na rangi inaweza kubadilika. Kateni vipandikizi vya sentimita 10 hadi 12 kwenye kichaka mlichokiona kikizaa, mtoe majani ya chini, mvichomeke katika mchanga nusu na udongo nusu, kivulini, penye unyevu usiotuama. Vikishika mizizi na kupata nguvu, vihamisheni mvua zinapoanza, sentimita 75 kutoka kimoja hadi kingine. Msingoje viwe vikubwa: pirakanta iliyokomaa haipendi kuhamishwa.

Na watoto waambiwe mapema: matunda hayo ni ya kutazama na ya ndege, si ya kula.