Orodha ya kuburuta: anza na mpangilio, kidole kije baadaye

Dada anayepanga safari katika ofisi moja ya utalii hapa Arusha alinipigia saa moja asubuhi, mwezi wa saba, wageni wakiwa wameshapakia mabegi kwenye gari. "Kaka, hii ratiba yako imenichanganyia siku. Nimeishusha Tarangire ikae baada ya kreta ya Ngorongoro, yenyewe imeenda kukaa baada ya Serengeti. Na dereva ameshaipokea."

Dereva ni mzoefu. Aliona siku haziendani na vocha za malazi, akauliza kabla hajawasha gari. Lakini mimi ile simu haikunitoka kichwani. Mimi ndiye niliyewaandikia programu ya ratiba, na nilikuwa nimetumia wiki mbili kuipamba ile orodha, ambayo unaburuta siku kwa kidole au kipanya kuipeleka nafasi nyingine: mstari unainuka ukiushika, kivuli kinatokea chini yake, mistari mingine inapisha taratibu. Kila aliyeiona aliisifu. Na ilikuwa inadanganya.

Kasoro yenyewe naieleza kwa kirefu, maana ni ya kawaida mno na inajificha vizuri. Orodha ilikuwa Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti. Programu huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo Tarangire ni 0 na Serengeti ni 3. Ukiiburuta Tarangire ukaiachia katikati ya Ngorongoro na Serengeti, mwanya ulioulenga ni namba 3, pale Serengeti ilipo. Kodi yangu, yaani maagizo niliyoiandikia programu, ilifanya hatua mbili: ikaitoa Tarangire, kisha ikaichomeka kwenye namba 3. Sasa ukishaitoa Tarangire, zote zilizobaki zinapanda hatua moja. Serengeti imekuwa 2. Namba 3 ni mkiani kabisa.

Ukipandisha kitu badala ya kukishusha, hesabu inatoka sawa, kwa sababu vilivyo juu yake havijasogea. Mimi majaribio yangu yote yalikuwa ya kupandisha. Sijui kwa nini mkono hupenda kupandisha, ila nimewaona vijana wengi ninaowafundisha wakijaribu vivyo hivyo. Wanaotumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, wameshakutana na jambo hili: onReorder (kipande cha kodi kinachoitwa mtu akishahamisha mstari) ya orodha yake, ReorderableListView, inakupa namba ya mwanya kama ulivyokuwa kabla ya kutoa, na mifano ya nyaraka zake imekuwa ikikuonyesha upunguze moja pale kitu kinaposhuka. Ukisahau mstari ule mmoja, umerudia kosa langu.

Ndiyo maana siku hizi sianzi na kidole. Naanza na fanksheni moja fupi, kipande cha kodi chenye kazi moja, inayopokea orodha, namba ya kutoka na namba ya kwenda, inarudisha orodha mpya. Haijui skrini, haijui kipanya, haijui rangi. Orodha ya vitu vinne ina jozi 16 tu za kutoka na kwenda. Zijaribu zote 16, zikiwemo zile za kitu kurudi palepale kilipokuwa. Ni kazi ya nusu saa. Ikishapita hapo, mengine yote ni namna ya kuiita fanksheni hiyo: kidole kinaiita, kitufe kinaiita, kibodi inaiita.

Sasa kidole. Toleo langu la kwanza kabisa lilikuwa la tovuti, nami nikatumia matukio ya kuburuta (taarifa ambazo kivinjari huipa programu mtu anapoburuta) yaliyomo ndani ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Kwenye kompyuta yalifanya kazi. Kwenye simu za ofisini hayakufanya chochote, ukurasa ulikuwa unaskroli tu. Mfumo ule asili yake ni kivinjari cha Internet Explorer 5 cha mwaka 1999, enzi ambayo kushika kitu kwenye skrini kulimaanisha kipanya. Vivinjari vya simu vilikaa miaka mingi bila kuusikiliza, na hata vilipoanza, kila kimoja kikaja na tabia yake. Una mambo mengine ya kuchosha pia: usipoita preventDefault (amri ya kuzuia tabia ya kawaida ya kivinjari) kwenye dragover (tukio la kitu kupitishwa juu ya mahali fulani), kivinjari kinakataa kitu kisiachiwe hapo, na wala hakikuambii kwa nini. Kwa orodha ya kupanga upya, ushauri wangu ni kuachana nao. Ubaki nao kwa kazi kama ya kuburuta faili kutoka kwenye folda kulileta kwenye ukurasa.

Tumia matukio ya pointer, yanayochukulia kipanya, kidole na kalamu kuwa kitu kimoja: pointerdown ni kushika, pointermove ni kusogeza, pointerup ni kuachia. Ukiita setPointerCapture mwanzoni, mstari utaendelea kupata habari za kidole hata kikitoka nje yake. Tatizo linalobaki ni lile la ndoa ya kuburuta na kuskroli. Kidole kikishuka kwenye skrini, simu itajuaje kama mtu anataka kusogeza mstari au ukurasa mzima? Wengine wanatumia kubonyeza kwa muda, robo sekunde hivi, ndipo mstari uinuke. Inafaa, ila mtu mgeni hawezi kuigundua mwenyewe. Mimi naweka kishikio, vile vidoti sita pembeni mwa mstari, na kwenye kishikio peke yake naweka touch-action: none, agizo la kuizuia simu isiskroli kidole kikianzia hapo. Usiiweke kwenye mstari mzima. Nimefanya hivyo wakati fulani, na ratiba ya siku 9 ikawa haiwezi kuskroliwa kabisa, maana skrini nzima ilikuwa mistari.

Tena kuna pointercancel, tukio la mguso kukatishwa. Simu inaweza kukunyang'anya kidole katikati ya safari: imeamua kuskroli, au kitu kingine kimeingia juu ya skrini. Usiposikiliza tukio hilo, mstari unabaki unaelea hewani na kivuli chake. Likitokea, rudisha mstari ulikotoka, kimya kimya.

Habari za mwendo na uzuri nitazipita upesi. Katika maagizo ya mwonekano, sogeza mistari kwa transform badala ya kubadilisha top, simu za bei nafuu zitakushukuru. Orodha ikiwa ndefu, ukingo wa juu na wa chini uskroli wenyewe kidole kinapoukaribia. Aliyezima mwendo kwenye mipangilio ya simu yake, mheshimu.

Jambo linaloniuma zaidi kuliko hayo ni funguo. Ukitumia React, maktaba ya kujengea kurasa, ukaupa kila mstari ufunguo (alama ambayo React inautambulia) wa namba yake ya nafasi, mistari itahama lakini vilivyo ndani yake vinaweza kubaki. Kwenye ratiba zetu kila siku ina kisanduku cha maelezo kwa dereva. Siku ya Manyara ilikuwa imeandikwa mgeni mmoja hali nyama, aandaliwe boksi la chakula tofauti. Manyara ikahamishwa, maelezo yakabaki kwenye nafasi ya pili, sasa yakiwa chini ya Ngorongoro. React iliona ufunguo namba 1 bado upo, ikaacha kisanduku chake kama kilivyo. Haikosei, imefanya ulichoiambia. Kila siku ipe kitambulisho chake tangu inapozaliwa, kisibadilike hata ikihamishwa mara mia.

Baada ya hapo linakuja swali la kuhifadhi, nalo linategemea orodha yako ina watu wangapi. Ratiba ya safari ina mistari 5 hadi 10, na kwa kawaida anayeipanga ni mtu mmoja. Hapo usijisumbue: hifadhi orodha ya vitambulisho kama ilivyo, nzima, kwa mpigo mmoja. Lakini ofisi hiyohiyo ina orodha nyingine, ya magari yanayosubiri kupangiwa kazi, ambayo watu watatu wanaigusa kwa wakati mmoja na mmoja wao yuko njiani mtandao ukija na kukatika. Mwanzoni kila gari lilikuwa na namba 1, 2, 3 mpaka 40. Ukilipandisha la mwisho liwe la kwanza, magari yote 40 yanabadilika namba, na seva inapokea mabadiliko 40 kwa tendo moja la mtu. Wawili wakifanya hivyo pamoja, kinachotokea ni vurugu.

Dawa ni kulipa gari lililohamishwa namba iliyo katikati ya majirani zake. Anza na 1000, 2000, 3000. Likiingia kati ya la kwanza na la pili, linakuwa 1500. Ni rekodi moja tu iliyobadilika. Angalia lakini, namba za desimali za kompyuta zina kikomo: ukianza na 1 na 2 ukaendelea kugawa mwanya uleule, baada ya mara 52 nafasi inaisha na magari mawili yanapata namba moja. Kwa hiyo wengi hutumia herufi badala ya namba, kama Jira, programu ya kupangia kazi za timu, inavyofanya. Kati ya "a" na "c" kuna "b", kati ya "a" na "b" kuna "an", na neno linaweza kurefuka kadiri unavyotaka. Watu wawili wakichomeka mahali pamoja bila kuonana, herufi zinaweza kufanana, basi kitambulisho kiamue nani atangulie, ili simu zote zionyeshe mpangilio uleule.

Mwezi wa tisa niliomba lifti kwenye mojawapo ya magari yale. Nilitaka kuiona programu ikitumika kule inakotumika. Mpaka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, barabara ni lami. Ukishalipita, lami imekwisha, na kuelekea Naabi Hill, geti la Serengeti, ni changarawe yenye migongo migongo kama bati. Nikiwa kiti cha mbele cha abiria, nilichukua simu ya dereva nikajaribu kuhamisha siku moja. Nikashika kishikio, nikaburuta, gari likaruka, kidole kikateleza, siku ikaangukia pengine. Nikarudia mara nne. Kioo kina vumbi, mkono unatetemeka, na mimi ndiye niliyeiandika kodi. Dereva akaniuliza kwa upole, "Sasa kaka, hakuna kitufe tu cha kuipeleka juu?"

Hakikuwepo. Nilirudi Njiro, hapa Arusha, nikakiweka usiku huohuo, mishale miwili kwenye kila mstari, ya juu na ya chini, na menyu yenye "Peleka mwanzo" na "Peleka mwisho". Baadaye nilisoma mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.2, uliotoka Oktoba 2023. Kipengele 2.5.7 kinadai hilohilo: lolote linalofanyika kwa kuburuta liweze kufanyika pia kwa kugusa tu, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndiyo kazi yenyewe. Kinachofuata, 2.5.8, kinataka pa kugusa pasipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi naweka 44, kwa sababu ya ile barabara. Wapo watu ambao mikono yao hutetemeka hata wakiwa wamekaa sebuleni, na wapo wasiokiona kishikio kabisa. Kitufe kile si msaada wa pembeni. Kiweke kabla ya kuburuta, kisha kuburuta ukuongeze kwa wenye haraka.

Kwa asiyeona, kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti, kinahitaji kuambiwa kilichotokea, na hufanyika kwa sehemu yenye aria-live, alama inayokiambia kisome maandishi yakibadilika. Hapa Kiswahili kina jambo lake. Maktaba nyingi za kuburuta zinakuja na sentensi za Kiingereza zenye tundu la kuchomeka jina, nasi tunazitafsiri tukiacha tundu palepale. Lakini gari limehamishwa, mgeni amehamishwa, kituo kimehamishwa, siku imehamishwa. Kitenzi kinafuata ngeli ya jina, na tundu halijui ngeli. Programu yangu iliwahi kutamka "mgeni imehamishwa", na mzee mmoja anayeisikiliza kwa masikio tu akaniambia inamchosha kusikia lugha ikivunjwa siku nzima. Nikaondoa kitenzi. Sasa inasema: "Tarangire, nafasi ya 2 kati ya 6." Fupi, sahihi kwa kila ngeli, na ndicho anachotaka kujua. Kwenye kibodi, kitufe cha nafasi kinainua, mishale inasogeza, Esc inarudisha kama mwanzo.

Si kila orodha iburutwe. Ofisi ile iliniomba niwawekee kuburuta kwenye ratiba za kupanda Mlima Kilimanjaro pia, zinazoanzia upande wa Moshi. Nilikataa, nikaeleza kwa nini. Njia ya Machame inapita Shira, Barranco, Karanga, Barafu, kwa mfuatano huo. Huwezi kulala Barafu kabla ya Shira, mlima hauruhusu. Kinachobadilika pale ni idadi ya siku, basi nikaweka kitufe cha kuongeza siku ya kupumzika. Na kwenye ratiba za mbugani, siku ya kupokea wageni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haina kishikio wala mishale. Mtu akiona mstari usio na vidoti sita, anaelewa mwenyewe.

Kabla ya kukabidhi toleo jipya nina simu moja ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona. Nazima data. Nashusha siku ya kwanza mpaka ya mwisho, naipandisha, naishusha tena nusu. Namwomba mdogo wangu anipigie nikiwa nimeshika mstari katikati. Nawasha data, nafungua ratiba ileile kwenye kompyuta, nalinganisha mstari kwa mstari. Dada wa ofisini naye ana jaribio lake, hajaliacha tangu asubuhi ile ya mwezi wa saba: anashusha Tarangire baada ya kreta, anazisoma siku zote kwa sauti, ndipo anabonyeza "Tuma".